Magunia ya Machungwa Yamefika Nakivubo: Uyafanyeje?

Basi la usiku kutoka Soroti likiingia Kampala, simu hulia kabla ya alfajiri. "Mzigo wako umefika, njoo uuchukue." Sisi wenye wazee Teso tunayajua maneno hayo. Ni magunia mawili, msimu ukiwa mzuri matatu, ya machungwa ya miti ya nyumbani. Yamesafiri zaidi ya kilomita 300 kupitia Mbale na Jinja, yameshonwa mdomo kwa kamba, na hakuna aliyekuuliza kama una pa kuyaweka. Mama mkwe wangu kule Ngora haulizi. Yakiiva anachuma, akichuma anatuma, nami ninayekaa chumba kimoja na sebule ndogo, mwendo mfupi kutoka uwanja wa Nakivubo, nayapokea kwa mikono miwili.

Mwaka wa kwanza nilipoteza karibu nusu. Niliyaacha ndani ya gunia, gunia likiwa sakafuni, nikijiambia kwamba Jumapili nitapata nafasi ya kuyashughulikia yote kwa pamoja. Jumapili nilipokata uzi, vumbi la kijani lilinirukia usoni. Machungwa ya katikati yalikuwa yameshikana kama tope. Niliyabeba hadi jalalani huku nikimfikiria yule mama aliyepanda ile miti, akaipalilia, akayachuma moja moja. Tangu siku hiyo nimejifunza jambo moja, na ndilo ninalotaka kukuachia: machungwa mengi hayahitaji siku moja ya kazi kubwa. Yanahitaji saa moja leo, saa moja kesho, na sufuria ndogo kila jioni kwa wiki mbili. Anayesubiri nafasi kubwa huwa anasubiri yaoze.

Saa ya kwanza ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ni siku ileile ya kupokea mzigo. Fungua gunia, mwaga machungwa juu ya mkeka au magunia makavu, kisha yachambue kwa mkono. Usiyatazame tu, yashike. Lililo zima, gumu, lenye kikonyo kidogo cha kijani pale lilipokatwa, liweke upande wa kukaa. Lililochubuka au kung'oka kikonyo ni la kuliwa au kukamuliwa kesho na keshokutwa. Lililopasuka na kuvuja ni la leo, kama bado lina harufu nzuri. Lenye doa laini linalobonyea, au ukungu, lifunge kwa karatasi palepale ulipolikuta na ulitoe nje. Usilipanguse ndani ya nyumba. Ule ukungu wa kijani ni unga wa mbegu, na kila mbegu inatafuta kidonda kwenye ganda la chungwa la jirani. Ganda zima haliwezi kuingilika kirahisi. Lenye mkwaruzo ni mlango wazi.

Wengi hukosea hapa kwa kuyaosha yote siku ya kwanza, wakidhani wanafanya usafi. Chungwa la kukaa usilioshe. Unyevu unaobaki kwenye ganda ndio unaouamsha ukungu. Yapange makavu, safu moja au mbili, juu ya rafu au kreti yenye matundu, mahali penye hewa na kivuli. Usiyafunge kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, kwani yatatoa jasho. Yakitunzwa hivyo hukaa wiki mbili, hata tatu, na kila baada ya siku mbili unayapitia kutoa lililoanza kulegea. Kuosha ni kabla tu ya kukata, kwa maji safi yanayotiririka, na hasa kama utatumia ganda.

Kwetu Nakivubo kuna sababu nyingine ya kuyainua kutoka sakafuni. Mtaro unaopita kando ya soko la Owino hubeba maji machafu ya katikati ya jiji hadi kwenye vinamasi na Ghuba ya Murchison, katika Ziwa Viktoria, tunaloliita Nalubaale. Mvua kubwa ikinyesha, mtaro hufurika na maji huingia madukani na vyumbani. Nimeona watu wakiokota machungwa yaliyoelea na kuyasuuza ili wauze. Nakusihi usifanye hivyo. Lililopasuka au kuchubuka likagusa maji yale halina tiba, na kisu kinachokata ganda chafu hupeleka uchafu hadi ndani. Rafu ya mbao iliyoinuliwa mita moja itakuokolea gunia zima.

Sasa niongee kidogo na walio upande wa pili wa simu, yaani wanaochuma. Chungwa si ndizi wala embe. Likishatoka mtini haliivi tena. Utamu liliokuja nao ndio huohuo. Rangi nayo hudanganya katika nchi za joto, maana ganda huhitaji usiku wa baridi ili ligeuke rangi ya chungwa lenyewe. Teso chungwa linaweza kuwa limeiva vizuri huku ganda likiwa bado la kijani. Onja moja la kila mti kabla ya kuamua. Subiri umande ukauke, kisha kata kwa mkasi ukiacha kikonyo kifupi kinacholingana na ganda. Ukivuta na kupindua, kikonyo hung'oka na kipande cha ganda, na chungwa hilo halitafika Kampala likiwa na afya.

Tena usichume yote! Ghala bora la machungwa ni mti wenyewe. Aina ya Valencia inavumilia kukaa mtini wiki kadhaa baada ya kuiva, bila gharama wala umeme. Nilipomweleza mama mkwe, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa naogopa bure, mwanangu. Niliona yakianguka nitalaumiwa." Tukakubaliana atume gunia moja kila wiki mbili badala ya matatu kwa mpigo. Kuna mipaka, hata hivyo. Mzigo ukikaa mtini hadi maua mapya yachanue, mti huchoka na mavuno yanayofuata hupungua. Na yale yanayoanguka yaokotwe kila siku na kufukiwa kwa kina, kwa kuwa nzi wa matunda hutaga humo na funza wake hurudi kama nzi wapya.

Watu wengine huniuliza kwa nini yasiuzwe kiwandani. Ni kweli, tangu 2019 Soroti kuna kiwanda cha matunda kilichojengwa kwa msaada wa shirika la Korea, KOICA, na vinywaji vyake huuzwa kwa jina la Teju. Ni jambo la kujivunia. Lakini kilele cha msimu kinapofika, kila nyumba inavuna wiki ileile, bei ya barabarani inaanguka, na magunia mawili ya familia hayaendi popote isipokuwa kwa ndugu.

Basi tuingie jikoni. Kabla ya kukamua, jua unakamua nini. Teso wanapanda sana Valencia na Washington Navel. Navel utalitambua kwa kitovu chake chini na kwa kukosa mbegu. Ni tamu kulila likimenywa, lakini maji yake yana tabia mbaya: unayakamua matamu, baada ya saa chache yamekuwa machungu. Hujakosea chochote. Ndani ya nyama yake mna kitu ambacho kikishapondwa na kukutana na asidi ya tunda hugeuka taratibu kuwa uchungu. Navel basi liwe la kula, na kama ni lazima ulikamue, linywewe palepale. Valencia ndilo la kutia kwenye chupa. Machenza, ambayo hapa Kampala tunayaita mangada, hayakai. Hayo wape watoto na majirani kwanza.

Kilo moja ya machungwa mazuri hutoa karibu nusu lita ya maji, pungufu kidogo kama ganda ni nene. Kamua kwa mkono mwepesi. Ukiligandamiza hadi ganda likunjike, unatoa mafuta ya ganda na uchungu wa ile nyama nyeupe. Kama una nafasi kwenye friza, yako au ya jirani, mimina maji kwenye kavera safi, uilaze iwe bapa, igandishe. Huo ndio uhifadhi unaobakiza vitamini C nyingi zaidi, kwani joto huipunguza. Usijaze hadi juu, maana maji yakiganda hutanuka. Maji ya ndimu na malimau nayagandisha kwenye trei ya barafu. Kipande kimoja kinatosha sufuria ya supu ya samaki au glasi mbili za chai ya baridi.

Umeme usipoaminika, tengeneza sharubati nzito ya kuchanganya na maji. Kwa lita 1 ya maji ya limau au ya limau na chungwa nusu kwa nusu, chukua sukari kilo 1 na maji nusu lita. Chemsha sukari na maji hadi sukari iyeyuke kabisa, tia maji ya matunda yaliyochujwa, pasha moto hadi mvuke utoke na vipovu vidogo vionekane pembeni, lakini usiache yatokote. Mimina yakiwa moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa robo saa, funga. Chupa za plastiki za maji ya dukani hazifai, zitajikunja. Glasi moja ya sharubati, nne za maji. Ukifungua, iweke penye baridi na uimalize ndani ya wiki chache. Chupa ikitoa povu au kifuniko kikivimba, imechacha, imwage.

Sasa jamu, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wengi wa Kampala wanapokata tamaa. Namaanisha jamu ya machungwa pamoja na maganda yake. Chukua machungwa kilo 1, malimau 2, maji lita 2, sukari kilo 1 na nusu. Ya Kakira au ya Lugazi, yote hufanya kazi. Osha matunda kwa brashi. Kamua maji yake uyaweke kando. Mbegu zote na utando wa ndani vifunge kwenye kitambaa safi cheupe. Usivitupe, kwa sababu humo na katika ile nyama nyeupe ya ganda ndimo iliko pektini, inayoishikisha jamu. Maganda yakate vipande vyembamba kama unakata sukuma wiki. Vyote, pamoja na kitambaa, yale maji ya matunda na maji lita 2, vitie kwenye sufuria isiyo ya aluminiamu, maana asidi huila aluminiamu na jamu hupata ladha ya chuma. Loweka usiku kucha ukiweza.

Jioni ya pili, chemsha kwa moto wa polepole saa moja na nusu hadi mbili. Usitie sukari bado. Chukua kipande cha ganda, kibonyeze kati ya vidole viwili. Kikisagika kama ndizi iliyopikwa, kimeiva. Kikikataa, ongeza muda. Ukitia sukari mapema, ganda halitalainika tena hata ukipika hadi asubuhi. Kitambaa kikipoa, kikamue kwa nguvu ndani ya sufuria. Utaona kitu kizito chenye kuteleza kikitoka. Hiyo ndiyo pektini. Halafu tia sukari, koroga kwa moto mdogo hadi usisikie chembe chini ya mwiko, kisha chochea sigiri hadi jamu itokote kwa nguvu.

Vitabu vingi vya mapishi kutoka Ulaya vinasema upike hadi kipimajoto kifike digrii 105. Nilifuata hivyo mara mbili, nikapata kitu cheusi kigumu kama peremende. Hakuna aliyeniambia kwamba vitabu hivyo vimeandikwa kwa ajili ya nchi zilizo karibu na usawa wa bahari. Kampala iko juu, karibu mita 1,200, na hapa maji huchemka kwenye digrii kama 96. Jamu huwa tayari inapopita joto la maji yanayochemka kwa digrii 4 na nusu au 5. Kwetu ni digrii 100 hadi 101, basi. Ukingoja 105 umeshaiunguza. Anayepika Kabale, aliye juu zaidi, atashuka tena. Aliyeko Mombasa au Dar es Salaam afuate kitabu.

Na kama huna kipimajoto, kisahani kinatosha. Kiweke kwenye maji ya baridi, kikaushe, dondosha kijiko cha jamu, subiri dakika moja, sukuma kwa kidole. Ikikunja ngozi kama uso wa maziwa yaliyopoa, ondoa sufuria motoni. Wakati unapima, sufuria isiwe motoni, la sivyo jamu itapita kiwango ukiwa umeinama juu ya kisahani. Acha itulie dakika 10 au 15 ili maganda yasielee yote juu, koroga mara moja, mimina kwenye chupa zilizochemshwa ambazo bado ni moto. Funga, kisha chupa zilizofungwa uzichemshe dakika 10 ndani ya maji yanayozifunika. Pwani 5 zinatosha. Sisi wa juu tunaongeza. Utapata chupa tano au sita za gramu 400. Usijaribu kupika kilo tano kwa mara moja ili umalize kazi, kwani sufuria kubwa huchemka polepole, na jamu inayokawia motoni hupoteza rangi na hata nguvu ya kushika. Chupa za kioo zenye midomo mipana nazipata Owino kwa wauza chupa tupu. Angalia kifuniko kuliko chupa. Mpira wake wa ndani ukiwa umekatika, au kifuniko kikiwa na kutu, tafuta kingine.

Machungwa huja na ndimu pia, na mwanzoni nilikuwa nazitupa. Mti wa ndimu huzaa bila huruma, na ndimu moja inatosha chakula cha siku mbili. Aliyeniokoa ni bibi mmoja wa Mombasa anayeuza viungo upande wa Kisenyi. Nilimpelekea mfuko wa zawadi. "Shikamoo bibi, nimekuletea ndimu." "Marahaba mwanangu. Lakini hizi nyingi, kwa nini huzifanyi achari?" Akanikalisha kwenye kigoda akanionyesha.

Ndimu kilo 1, zilizoiva, zenye ganda jembamba. Zioshe, zikaushe kabisa. Tone la maji ni adui. Kila moja ikate msalaba hadi karibu na chini lakini isiachane, ibaki kama ua. Chumvi gramu 150, kama vijiko vikubwa vinane. Zijaze chumvi ndani kwa kidole, zipange kwenye chupa ya kioo, zigandamize hadi maji yake yazifunike. Yasipotosha, kamulia ndimu nyingine juu. Chupa iwekwe juani mchana, irudishwe ndani jioni, itikiswe kila siku. Nilimuuliza bibi, na siku za mvua je? "Chumvi haingoji jua," alisema. "Jua linaharakisha tu. Usifungue ukachungulia kila saa." Baada ya wiki mbili au tatu ganda linakuwa laini, rangi inageuka ya kahawia, na ukali umetulia. Hapo tia pilipili ya unga, bizari, haradali kidogo, na mafuta yaliyochemshwa yakapoa. Kijiko kisicho na unyevu, siku zote. Chupa moja kwenye wali wa maharage itakufanya usahau kwamba hakuna nyama.

Jihadhari na kitu kimoja ambacho wengi hawakijui. Maji ya ndimu kwenye ngozi, yakipigwa na jua kali, huweza kuunguza na kuacha malengelenge na alama nyeusi kwa wiki nyingi. Kamua ndani au kivulini, na unawe kwa sabuni hadi kwenye viwiko kabla ya kutoka. Watoto wanaosaidia waoshwe pia. Na ukiletewa balungi, muulize kwanza mzee wa nyumba kama anameza dawa za moyo, shinikizo la damu au lehemu, kwani balungi huzipa baadhi ya dawa hizo nguvu kupita kiasi mwilini. Daktari au mfamasia atamwambia.

Wenye ndugu Oman wataniuliza juu ya zile ndimu kavu nyeusi, lumi, zinazochemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa hadi ziwe nyepesi kama kibuyu. Ni tamu sana kwenye mchuzi. Lakini zinataka hewa kavu ya jangwa. Nilijaribu juu ya bati hapa, zikaota ukungu kabla hazijakauka. Kwa hali yetu, kaa na achari.

Maganda ya machungwa uliyokamua, kama yalioshwa vizuri, yachane yale membamba ya rangi tu, yaanike kwenye ungo kivulini penye upepo hadi yavunjike kwa vidole. Kipande kimoja kwenye birika la chai na tangawizi kinatosha. Yaliyobaki, jirani mwenye mbuzi atayapokea kwa kiasi, yakichanganywa na majani mengine.

Marafiki wakionja jamu wataanza kukuambia uuze. Uza tu ukiwa tayari kwa kazi hiyo: chakula cha chupa kinachoingia dukani Uganda kinahitaji alama ya ubora ya UNBS, na hilo linaanzia kwenye jiko safi na vipimo visivyobadilika kila siku. Kuwapa majirani hakuhitaji kibali, na machungwa mabichi yagawiwe siku ya kwanza, yakiwa bado mazuri, si siku ya kumi na nne unapotaka kuyaondoa.

Andika tarehe kwenye kila chupa kwa kalamu isiyofutika. Gunia tupu likirudi Ngora kwa basi la usiku, weka ndani chupa tatu za jamu na moja ya achari, kila moja ikiwa imeviringishwa gazeti na kuzungushiwa nguo kuukuu ili zisigongane. Mpigie mama simu umwambie gunia liko kwa kondakta, na lisilazwe chini ya mizigo.